Mteremko wa Kulaza Trekta

Kwetu Keringet trekta kuukuu haliegeshwi, linalazwa. Na halilazwi popote tu. Linalazwa juu ya mteremko, pua ikitazama chini, jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi mwenyewe anaondoa jiwe, anapanda, anaachilia breki, na trekta linaanza kubingirika lenyewe. Likishika kasi kidogo anaachia klachi. Linakohoa, linatema moshi mweusi, linawaka. Betri haihusiki. Ukipita barabara yetu utaona matrekta yote ya zamani yameelekezwa bondeni, na mgeni mmoja niliyepanda naye lori aliwahi kuniuliza kama wakulima wa huku wanapenda sana view. Nilimwambia ndiyo, wanaipenda kupita kiasi.

Trekta la baba ni la zamani kuliko mimi. Alilinunua likiwa limeshachoka, na kwa muda wote ninaokumbuka limelala mahali pamoja, kwenye mteremko ulio kati ya jikoni kwa mama na barabara. Hapo ndipo pazuri kuliko pote katika shamba letu. Maji hayatuami, jua la asubuhi linafika mapema, na ukisimama pale unaona mashamba ya viazi hadi msitu unapoanzia. Upande wa chini ni tope, upande wa nyuma ni viazi. Tulipokuwa watoto hatukuruhusiwa hata kuanika nguo pale.

Kichekesho ni kwamba mimi kazi yangu ni betri. Niko nyuma ya kaunta katika duka la betri mjini Nakuru, duka la mzee mmoja Singasinga ambaye baba yake pia aliuza betri pale pale. Niliingia kama mtu wa kufagia na kupokea simu, nikaishia kushika haidromita, ile chupa ya kioo yenye mpira wa kufyonzea asidi, kwa sababu siwezi kuona kitu kimefungwa nisiulize ndani kuna nini. Mama husema nilipokuwa mdogo nilikuwa napasua maharagwe nione mche umelala vipi. Maharagwe ya kupanda, anaongeza, si ya kupika.

Boss, ndivyo sote tunavyomwita yule mzee, hana mafundisho mengi. "Betri inakufa na njaa, na kiu, ama na uchafu," huwaambia wateja. "Haina ugonjwa ingine." Njaa ni kukosa chaji, kiu ni kukosa maji, hayo yalieleweka. Lakini uchafu? Vumbi la juu ya kifuniko litaua vipi kitu kilichofungwa ndani? Nilibishana naye hadi akachoka, akanipa mita. Akaniambia niguse nguzo ya betri kwa waya mmoja, na waya wa pili niugusishe kwenye lile tope jembamba la juu, vumbi lililochanganyika na asidi. Mshale ukasogea. Umeme ulikuwa unatembea juu ya uchafu, polepole, kutoka nguzo hadi nguzo, mchana na usiku, bila kumwambia mtu. Siku hiyo nilipima kila betri iliyoletwa dukani, hata zile ambazo wenyewe walikuja kununua maji tu.

Kwa hiyo kila nikienda nyumbani na kumkuta baba akiondoa jiwe, nilikuwa naumia kidogo. Ndani ya kisanduku cha trekta kulikuwa na betri, lakini ilikuwa maiti. Ilikaa pale kwa heshima tu. Nilipomwambia nitamletea nyingine alikuwa anacheka. "Mama, betri ni ya watu wa tambarare," alikuwa akiniambia. Huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na kwa sababu hiyo hiyo huniogopa kidogo nikikasirika.

Mambo yalibadilika ndugu yangu alipotaka kuoa. Ni kitinda mimba wetu, na ndiye peke yake aliyebaki nyumbani. Mimi nilishakwenda Nakuru, dada yetu mkubwa ameolewa mbali na huja mara chache. Ndugu yangu ndiye hupanda viazi, hupiga dawa, huchimba, hubeba magunia. Baba sasa hulima kwa trekta tu, na hata kushuka kwenye kiti hushuka kwa awamu, mguu mmoja kwanza, halafu anapumzika.

Wakwe walikuja kutazama kwetu. Walikunywa chai, wakala mukimo, wakasali. Halafu mjomba wa msichana akauliza kwa upole mtoto wao atalala wapi. Kimila ndugu yangu alipaswa kuonyesha nyumba yake, hata kama ni chumba kimoja cha mabati. Alimwangalia baba. Baba naye akaonyesha kidole kwenye ule mteremko, wageni wote wakageuka, naye akasema, "Pale ndio trekta inalala."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, lakini mama alinikanyaga.

Wageni walipoondoka, ndugu yangu aliomba ule mteremko waziwazi, mbele yetu sote. Alisema hahitaji kingine. Kama hapewi, rafiki yake anafanya kazi katika shamba la maua kule Kamere, ziwani, na ameshamwombea nafasi. Wataishi huko na mke wake, katika chumba cha kupanga, na mzee atabaki na trekta lake. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana tulijua hatanii. Mama aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika.

Baba alifikiri. "Trekta itawakia wapi?" aliuliza.

"Na betri," nikasema mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza. "Kama trekta nyingine zote duniani."

Basi makubaliano yakafanyika hapo hapo. Trekta litalazwa mahali tambarare, kando ya jikoni. Likiwaka kwa betri juma zima, kila asubuhi, bila kusukumwa na bila mteremko, ndugu yangu atapewa mahali pa kujenga. Lisipowaka, mteremko unabaki wa trekta. Ndugu yangu alisema atasubiri mpaka kupanda kuishe, baada ya hapo anabeba begi. Nilifurahi sana. Niliona kwamba kitu ambacho familia nzima ilishindwa kukimaliza kwa maneno, mimi ningekimaliza kwa spana na grisi.

Boss alinipa betri iliyorudishwa na mteja mmoja aliyedhani ni mbovu, kumbe ilikuwa na njaa tu. Niliichaji taratibu, nikaisafirisha kwa lori la viazi linalorudi tupu, imesimama wima ndani ya ndoo, nami nimeishika masikio njia nzima. Hata hivyo asidi ilipata pa kutokea. Sketi yangu ya kanisani ilitoboka matundu madogo madogo magotini, na mpaka leo naivaa hivyo hivyo.

Nilipofika mama aliikatalia betri kuwekwa kwenye sakafu ya sementi. Huku kwetu watu wote wanaamini sementi hunyonya betri. Nilimweleza kwamba zamani za kale huenda ilikuwa kweli, lakini siku hizi kasha lake ni la plastiki, halipitishi kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaleta ubao, akaiweka juu ya ubao.

Nililiosha lile sanduku la betri kwa maji moto yenye magadi. Ule unga wa kijani uliokuwa umeota kwenye vichwa vya waya ulichemka na kutoa povu, nami nikakaa pale nikiutazama mpaka ukatulia. Nilikwangua waya hadi shaba ikang'aa, nikafunga betri, nikapaka grisi kidogo. Baba akapanda, akakanyaga stata. Trekta liliwaka kabla hajamaliza kukanyaga. Ndugu yangu alipiga mluzi. Baba alikaa juu ya kiti injini ikinguruma, amekunja uso, akasema, "Imewaka haraka sana." Nilidhani ananisifu.

Nilirudi kazini. Kabla juma halijafika katikati mama akanipigia simu. Trekta halikuwaka. Stata ilitoa sauti moja, tak, ikanyamaza.

Sasa hapo ndipo niliposhikwa. Kuna watu wakishindwa hukasirika. Mimi nikishindwa huwa siwezi kulala. Mwisho wa juma nilikuwa Keringet na haidromita yangu. Nilifyonza asidi kutoka kila chumba cha ile betri, vyote sita, nikasoma kipimo. Vyote vilikuwa chini, na vyote vilikuwa chini sawasawa. Hilo lilikuwa neno. Betri mbovu huwa na chumba kimoja kilichokufa kinachowaangusha wenzake. Hii haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imenyonywa.

Na nani? Nilianza na dainamo, kwa sababu huenda trekta lilikuwa likifanya kazi kutwa bila kuilisha betri. Tuliliwasha kwa kulishusha mteremkoni, baba akitabasamu waziwazi, nikaweka mita: dainamo inachaji vizuri. Nikafuata waya. Nilizima injini, nikachomoa kichwa kimoja cha waya na kukigusisha kwenye nguzo, taratibu, nikitazama kama cheche itaruka. Cheche ingeonyesha kwamba kuna mahali umeme unavuja. Hakuna cheche. Nilirudia nikiwa nimejifunika koti ili kuwe giza. Hakuna.

Nikasema basi ni betri yenyewe, ina hila. Niliirudisha Nakuru, nikaichaji, nikaiacha kwenye rafu ya duka zaidi ya juma bila kuigusa. Haikupoteza kitu. Nikaipeleka tena nyumbani, na safari hii nikamwomba baba jambo moja tu: kila akimaliza kazi, achomoe waya, asubuhi arudishe. Waya ukiwa umechomolewa hakuna kitu ndani ya trekta kinachoweza kunyonya. Baba alikubali. Akanionyesha hata spana atakayotumia.

Betri ikafa tena.

Nilimweleza Boss mambo yote, mwanzo hadi mwisho, huku nikichora waya za trekta kwenye boksi tupu. Nilimwambia haiwezekani. Betri haiwezi kuwa nzima Nakuru na mgonjwa Keringet. Boss alitazama mchoro wangu kwa muda, akatikisa kilemba.

"Basi sio betri," alisema. "Ni Keringet."

Nilidhani anamaanisha baridi. Baridi ya kwetu si mchezo, na ni kweli betri ikipoa nguvu hupungua. Lakini baridi huipunguza tu, haiimalizi, tena asubuhi ile ile jirani yetu mwenye gari dogo alikuwa anawasha na kwenda zake. Kila nilichojua kilinirudisha mahali pamoja. Nilikuwa nimechunguza betri, dainamo, waya, hali ya hewa na hata imani ya sementi. Watu sikuwachunguza. Haikunijia akilini.

Kwa wakati huo kupanda kulikuwa kumeisha. Nilifika nyumbani Ijumaa Kuu mchana. Ndugu yangu alikuwa amepanga begi lake. Kesho yake asubuhi angepata lifti ya lori hadi Nakuru, kisha Naivasha, kisha Kamere. Alinisalimia kwa upole ulionichoma.

"Sister, wachana nayo sasa," aliniambia. "Umejaribu. Hiyo kitu haitaki tu."

Mama alikuwa jikoni, anapika bila kuongea. Ukimsikia mama yangu hasemi kitu, ujue hali ni mbaya.

Nilitoka nje nisilie mbele yao. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, ile ya manyunyu inayoingia mpaka kwenye mifupa. Trekta lilikuwa kando ya jikoni, mahali tambarare, kama makubaliano yalivyosema. Baba alikuwa amelishusha mteremkoni asubuhi na mapema likawaka, akavuta tela la maji huku dainamo ikiilisha betri, akalirudisha na kulifunika magunia upande wa mbele, kama alivyozoea tangu lilipohamia pale, ili kuku wasilichafue. Kuku wote walikuwa wamejibanza chini ya ghala, manyoya yamewatutumka kwa baridi. Wote isipokuwa mmoja. Tetea mwekundu wa mama alikuwa amekaa juu ya gunia, mbele ya trekta, kwenye manyunyu, macho ameyafumba kwa raha.

Nilisimama nikamtazama. Kuku si mjinga kiasi hicho. Mbona mmoja aache pakavu alale kwenye mvua? Nilishika bonneti, kwa kuwa nilifikiri injini bado ina joto. Ilikuwa baridi kabisa. Nikamsukuma yule kuku, akanitukana kwa lugha yake, nikaweka mkono pale alipokuwa amekalia. Pana joto. Nikajiambia ni joto lake mwenyewe. Basi nikazunguka upande wa pili, ambako hakukuwa na kuku, nikaingiza mkono chini ya gunia, nikashika kioo cha taa.

Kilikuwa cha moto.

Nililiinua gunia. Taa ilikuwa inawaka, rangi ya manjano iliyoanza kufifia, mchana kweupe. Ya pili vilevile. Na ile swichi yake, chuma kigumu ambacho hata mimi hukigeuza kwa mikono miwili, haiwezi kujiwasha. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliona yote kwa mara moja: waya hauchomolewi, taa zinawashwa kazi ikiisha, zinafunikwa, zinakunywa betri mpaka zinazimika zenyewe, na asubuhi swichi inarudishwa kabla mtu hajaamka. Ndiyo maana nilipotafuta cheche sikuiona. Mwizi alikuwa ameshamaliza kazi yake na kwenda kunywa chai.

Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kikombe mkononi.

"Mama," alisema, "usiniangalie hivyo."

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi."

Hakujitetea hata kidogo, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilimwambia nimebeba ile betri kwenda na kurudi kama mtoto mgonjwa. Nilimwambia nimekosa usingizi, nimegombana na Boss, nimechora waya kwenye maboksi mpaka wateja wananishangaa. "Na sketi yangu ya kanisa ina matundu!" nikamalizia, na sauti ikanikatika, kwa sababu sikuwa nikililia sketi.

Baba alisogea karibu, mama asisikie.

"Wewe ulienda Nakuru," alisema. "Dada yako akaenda kwake. Sikulaumu mtu. Watoto ni wa kwenda. Lakini huu mteremko haujawahi kuniambia unaenda mahali. Naamka, natoa jiwe, nashuka. Siombi mtu, singoji mtu. Sasa nikimpa, ajenge, halafu mwaka ukiisha bibi yake achoke na hii baridi waende zao? Nitabaki na nyumba imefungwa kofuli pale trekta yangu ilikuwa inawakia. Betri itakufa, zote zinakufa, wewe ndio unaniambia. Nani atanisukuma?"

Nilikuwa nimekuja na mita ya kupima kila kitu, na hofu ya baba yangu ilikuwa imekaa pale muda wote haijapimwa na mtu. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira.

"Na kesho?" nilimuuliza. "Kesho anaenda Kamere. Baba, unamfukuza leo juu ya kuogopa ataenda baadaye. Hapo nani atakusukuma?"

Alitazama ndani ya kikombe. Manyunyu yalikuwa yanaingia kwenye chai.

"Mimi sitamwambia," nilisema. "Sitamwambia mtu. Lakini naizima hii taa."

Nilizima, nikaingia ndani. Nilijua betri imebakiwa na nguvu kidogo tu, na kwa betri iliyopungua hivyo, baridi ya alfajiri ingetosha kuimaliza. Nilijua pia kwamba kuna njia moja ya kuisaidia, kuileta ndani ipate joto, maana betri yenye joto hutoa ilichobakiza hata kama ni kidogo. Lakini nilikaa. Hiyo haikuwa kazi yangu tena.

Tulikuwa tunakula jioni ile, baba alipoinuka bila kumaliza chakula. Tulimsikia nje akigonga spana. Alirudi amekumbatia betri kifuani, anapumua kwa shida, akaiweka karibu na jiko la kuni. Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, halafu akainuka akaleta ubao.

"Baba, hiyo ni ya nini?" ndugu yangu aliuliza.

"Inasikia baridi," baba akajibu, akaketi kumaliza ugali wake.

Asubuhi ndugu yangu alikuwa getini na begi, anasikiliza lori. Mama alikuwa amemfungia chapati. Baba alifunga betri mwenyewe, akapanda kwa awamu zake, akakanyaga stata. Ilivuta kwa uzito, ikasita, nikakunja ngumi. Ikavuta tena. Trekta likawaka.

Baba hakutuangalia. Aliligeuza taratibu akaelekea kwenye mteremko, nami niliijua njia ile. Alikuwa analirudisha kulilaza palepale. Ndugu yangu naye alidhani hivyo. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kuzoea, akaliinua begi begani.

Halafu baba akateremsha jembe la trekta. Sahani ziliingia kwenye majani ambayo hayajawahi kulimwa tangu nizaliwe, udongo mwekundu ukapinduka, naye akakata mtaro wa kwanza, si wa kushuka bali wa kukingama, upana wote wa mteremko. Akageuka akakata wa pili juu yake.

"Anafanya nini huyo?" ndugu yangu aliuliza.

"Anachimba mahali pa nyumba," mama alijibu, na akakaa chini hapo hapo kwenye majani yenye umande, kitambaa cha kichwa usoni.

Lori lilipiga honi barabarani. Dereva alingoja kidogo, akatuona tulivyo, akaenda. Ndugu yangu aliweka begi chini, akachukua chepe, akaingia kwenye udongo nyuma ya trekta. Walifanya kazi kutwa, baba akikata na mwana akisawazisha, na sikuwasikia wakisemezana chochote isipokuwa mambo ya udongo. Jioni pale palikuwa tambarare. Baba alisimama akapatazama kwa muda mrefu. Mteremko wake haukuwepo tena.

Nyumba imeshasimama, ya mabati, yenye madirisha mawili yanayotazama viazi. Mke wa ndugu yangu ana sauti kubwa na anamchokoza baba kila siku, na baba anajifanya hapendi.

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, nilikwenda nyumbani kwa siku chache. Jioni niliyofika niliipima betri, kwa mazoea tu. Vyumba vyote sita vilikuwa vimejaa. Nilimwonyesha baba kipimo kinavyoelea juu, akasema vizuri.

Kesho yake asubuhi nilisikia stata ikitoa sauti moja, kisha kimya. Nilitoka. Baba alikuwa juu ya kiti, kofia ya sufi imevutwa hadi masikioni, na mbele yake magunia yamefunika taa. Hakuwa ameshuka kuangalia betri. Hakuonekana hata kushangaa.

"Kijana!" aliita, si kwa sauti ya juu. "Njoo unisukume."

Ndugu yangu alitoka mbio na mswaki mdomoni, gambuti bila soksi. Mkewe akamfuata amejifunga leso, mama akaacha maziwa, nami nikaweka bega kwenye gurudumu. Uwanja wetu una mwinamo kidogo kuelekea getini, na tukiwa wanne trekta lile husogea. Tulisukuma tukitelezea kwenye umande, mke wa ndugu yangu akihesabu kwa kelele, ndugu yangu akimwambia mzee aachie klachi sasa, sasa, sasa. Mara ya kwanza lilikohoa tu. Mara ya pili likawaka, likatufunika moshi mweusi, na ndani ya moshi nikamsikia baba akicheka. Kwa miaka yote ya mteremko sikuwahi kumsikia akicheka asubuhi.

Mama alisimama akishika kiuno, anahema.

"Betri imekufa tena?" aliniuliza. "Si wewe ndio mjuzi? Hebu enda uangalie ni nini."

Nilimtazama baba akitoka getini, mgongo wima.

"Haina shida, mama," nilimwambia. "Ni baridi tu."